Kiti cha Upande wa Pili

Zuhura mwanangu,

Salamu zangu utazipata kesho mkono kwa mkono pale stendi, kwa hiyo leo nazipita. Umetoka kwenda Kabalagala kuagwa na wenzako, na mama yako amenifukuza chumbani mwako kwa sababu, kwa maneno yake, nakunja magauni kama mtu anayefunga mihogo. Nimekuja kukaa hapa dirishani na kalamu. Adhana ya Magharibi bado haijatoka kule juu msikitini, chini barabarani wenye maduka wanaanza kuvuta milango, na mimi baba yako nina raha. Nasema wazi, nina raha. Tangu walipokupigia simu kwamba kazi ni yako, nimerudi kula kama watu.

Mambo ya neti, ya maji ya kuchemsha na ya kutotembea na simu mkononi, sitayagusa. Mama yako ameyamaliza, na yaliyobaki atayasema kesho basi likiwa limeshawasha injini. Sasa hivi anakufungia kopo la odii, ule ufuta wake uliosagwa na karanga, uende nao kaskazini. Nikamwambia, Mama Zuhura, huko ndiko odii inakotoka, si ndiyo kupeleka maji ziwani? Akaniambia odii ya huko haina mkono wake. Nikanyamaza. Ndoa imenifunza pa kunyamaza. Shida yangu imekuwa kunyamaza mahali pengine, na hilo ndilo lililonikalisha hapa.

Mwezi uliopita, hapa hapa sebuleni, nilikutaka uombe radhi kwa jambo ambalo hukukosea. Ukakataa. Mimi nikapandisha sauti, wewe ukashusha yako, na huko kushusha kwako kukaniudhi zaidi. Leo unaondoka kwenda kufundisha chuo kikuu, ukiwa mhadhiri msaidizi na jina lako safi, kwa sababu hukunisikiliza. Sijui ni wazazi wangapi hushukuru kwa kutosikilizwa. Mimi nashukuru, alhamdulillahi, na nataka ujue ile hofu yangu ilitoka wapi, maana huko uendako nayo ipo, na ikikujia itajiita busara. Mimi mwenyewe niliiita hivyo miaka mingi.

Viti unavijua, umevirithi. Ila hujui sawasawa vilivyoanza, na mama yako akikusimulia hukatiza njiani kwa hasira. Ulikuwa bado shule ya msingi. Zilikuwa nyakati za kampeni, na darasa langu la historia pale chuoni lilikuwa limejigawa lenyewe. Wenye rangi nyekundu ya upinzani walikaa upande wa madirisha, wenye njano ya chama tawala upande wa mlango. Hakuna aliyewapanga. Asiye na chama alichelewa makusudi ili apate sababu ya kusimama nyuma. Nikiuliza habari za mkoloni na kodi ya kichwa, jibu linakuja na rangi. Wa dirishani akisema jua linachoma, wa mlangoni anaapa kwamba anatetemeka kwa baridi.

Siku moja nikachoka. Nikaburuta viti viwili mpaka mbele ya ubao, vikatazamana. Nikasema, leo anayetaka kusema anakuja hapa, lakini hasemi la kwake. Anasema la mwenzake wa upande wa pili, kwa nguvu zote, bila kejeli. Na haruhusiwi kusimama mpaka huyo mwenzake aseme kwa kinywa chake, "Hapo umenisemea." Wakacheka. Wakadhani Mwalimu Sefu amezidiwa na jua.

Wa kwanza kuja alikuwa kijana mmoja wa dirishani, Kato, mdomo mkubwa, hajawahi kumaliza sentensi bila kumtukana mtu. Akakaa, akaanza kumsemea msichana wa mlangoni. "Sisi tunapenda utulivu kwa sababu tumehongwa sukari." Darasa likaangua kicheko. Msichana akatikisa kichwa, "Hujanisemea." Akajaribu tena. "Hujanisemea." Jasho likamtoka, kicheko kikaisha, na mimi sikumsaidia hata neno. Mwishowe akainamisha kichwa, akasema polepole, kana kwamba anamwambia sakafu, kwamba mtu aliyewahi kulala chini ya kitanda akisikiliza risasi hupenda usingizi kuliko anavyompenda kiongozi yeyote, na akiambiwa habari za mabadiliko, yeye husikia zile risasi. Msichana akasema, "Hapo umenisemea. Huyo ni mama yangu."

Usidhani Kato alihama upande. Kesho yake alikuja na kitambaa chake chekundu kilekile shingoni. Lakini alimsalimu yule msichana kwa jina, na msichana akaitikia. Mimi nikarudi nyumbani nikitembea kwa miguu kutoka mjini kwa furaha, nikasahau mkate niliotumwa, mama yako akanitia maneno. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu nzuri ya ualimu. Ikadumu muhula mmoja.

Muhula wa pili akaja Opio.

Alikuwa mtu mzima kati ya watoto, mmoja wa wale wanaoingia chuoni baada ya kufanya kazi kwanza. Nywele zimenyolewa chini kabisa. Viatu vyeusi vinang'aa hata siku za mvua, siku ambazo sisi sote tunaingia na udongo mwekundu mpaka kwenye vifundo. Alikaa karibu na mlango, mgongo wima, akaandika kila neno. Na kwenye ukumbi nje, akinikuta, alinisalimu kwa Kiswahili. "Jambo, Mwalimu. Habari ya saa hii?" Kiswahili cha kambi za askari, kile kinachokanyaga sarufi bila kuomba samahani.

Unajua mji huu. Hapa mtu akikusemesha Kiswahili, wengine hutazama kiunoni kama ana bastola. Haikupita wiki, maneno yakaenea: yule ametumwa. Wa nyekundu wakasema ametumwa na serikali. Wa njano, ambao ungetegemea wafurahi, nao wakasema ametumwa, na wakamwogopa vilevile. Hilo ndilo jambo pekee darasa langu lilikubaliana mwaka ule mzima.

Na mimi nikakubaliana nao. Mimi, Sefu, mtoto wa Old Kampala, niliyekuwa nikirushiwa mawe njiani na watoto wenzangu, wakiniita mtoto wa askari kwa sababu nyumbani kwetu tunasema Kiswahili, hali baba yangu alikuwa muuza vitambaa ambaye hajawahi kushika hata fimbo. Mimi niliyeoa binti wa polisi kutoka kambini na kuzaa naye mtoto anayeota ndoto kwa Kiswahili. Nilimtazama mtu anayezungumza lugha ya nyumba yangu, nikaona hatari.

Basi nikavirudisha viti ukutani. Hakuna aliyeniamuru, Zuhura. Hapa nataka usome polepole. Hakuna barua iliyokuja, hakuna simu, hakuna mtu wa miwani nyeusi aliyesimama mlangoni mwa ofisi yangu. Nilitoa mada ya uchaguzi kwenye mpango wa masomo kwa mkono wangu. Halafu nikatoa ya ardhi, kwa sababu ardhi inapeleka kwenye uchaguzi. Halafu ya vyombo vya habari. Nikabaki nafundisha vita vya watu waliokwisha kufa wote na wajukuu wao hawajulikani walipo. Nilijiambia nawalinda wanafunzi. Nilijiambia nina mke na mtoto. Yote mawili yalikuwa kweli, na ndiyo maana ilikuwa rahisi.

Darasa likaelewa bila kuambiwa. Watoto wana pua. Wakaanza kuandika mitihani iliyosema kila kitu na kutosema chochote, na mimi nikawapa alama nzuri. Hata chumba cha walimu kilikuwa hivyo. Chai ilikuwa na pande: wanaochota birika la dirishani na wanaochota la kabatini. Mwenzetu mmoja alipotoa makala juu ya kura, tulimpongeza kwa kunong'ona, mmoja mmoja, tukiangalia nyuma. Alipoanza kunyimwa vipindi hatukunong'ona tena. Wa upande wake walisema anaonewa, wa upande wa pili wakasema amejitakia, na hakuna aliyeuliza kama makala yenyewe ilikuwa sahihi. Nami nilikuwa na nafasi ya kuuliza. Nilikuwa nachota chai birika moja naye.

Ndipo Opio akaja ofisini. Alibisha hodi, akangoja, akaingia, akasimama mpaka nilipomwambia akae.

"Mwalimu, mimi nilipata habari yako kwa ndugu moja alisoma hapa," akasema. "Aliniambia kuna mwalimu naweka viti mbili, watu nasema maneno ya adui yao. Mimi nilifurahi sana. Juu ya hiyo viti mimi nilikuja kwa somo yako. Sasa viti ilienda wapi?"

Zuhura, nilimjibu kwa Kiingereza. Yeye amenijia na lugha niliyoinyonya kwa mama yangu, mimi nikamjibu kwa Kiingereza kilichopigwa pasi, kwamba mpango wa masomo umefanyiwa marekebisho na idara inashukuru kwa maoni yake. Alinitazama kidogo. Hakukasirika, na ningependa sana angekasirika. Akasema tu, "Sawa, Mwalimu. Mimi nasikia." Akakirudisha kiti mahali alipokikuta, akatoka. Muhula uliofuata hakuwa kwenye somo langu.

Jioni ile nikamsimulia mama yako, nikitaka kusifiwa kwa uangalifu wangu. Nikamweleza: viatu, nywele, mgongo, Kiswahili. Alikuwa anachagua mchele. Aliendelea kuchagua mpaka nilipomaliza, halafu akaweka ungo chini.

"Baba yangu alinyoa hivyo," akasema. "Viatu vyake ulikuwa unaweza kujitazama usoni. Na Kiswahili ndicho nilichokukubalia posa nacho. Kumbe na mimi ni jasusi? Umelala na jasusi miaka yote hii, Sefu?"

Nikasema hapana, wewe ni tofauti. Banange, jamani, usiwahi kumwambia mwanamke hivyo. Aliniacha na mchele wake nikaumalizia mwenyewe, na siku nyingi baadaye alinisemesha kwa Kiluganda tupu, kama mgeni aliyekuja kupanga chumba. Unakumbuka? Wewe ulidhani ni mchezo, ukajiunga naye.

Baadaye nilikuja kusikia kwa watu kwamba Opio alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Baba yake alipiga tarumbeta katika bendi ya polisi, na nyumba yao ilikuwa ya watoto wanaong'arisha viatu kabla ya uji. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yote. Na kama kweli kulikuwa na mpelelezi darasani mwangu, mtu mwingine ambaye hakuna aliyemshuku, hilo sijui mpaka leo na sitajua. Huyo mpelelezi, kama alikuwepo, aliifanya kazi yake bila kufungua mdomo. Kama hakuwepo, basi niliifanya mimi kwa niaba yake, tena bure.

Sasa utaelewa nilivyoshtuka ulipoanza ukufunzi wako na siku ya pili tu ukaja kuniambia, "Baba, nimewawekea viti." Uliniambia ukidhani nitafurahi. Nilifurahi kwa mdomo tu.

Halafu ikaja ile klipu. Najua huipendi, lakini lazima niipitie, maana miaka ikipita tutaanza kuisimulia vizuri kuliko ilivyokuwa. Mada yenu ilikuwa kama polisi waruhusiwe kuingia chuoni wanafunzi wakiandamana. Wewe huamini waingie, hata paka wa jirani anajua huamini. Ukakaa kwenye kiti umsemee mwanafunzi wako anayeamini. Ukamsemea vizuri, kwa sababu wewe ni binti yangu na huwezi kufanya kitu nusu. Mtu akarekodi, akakata mbele na nyuma, akabakiza kipande cha kukohoa mara mbili: wewe, kidole juu, ukisema polisi waingie, tena waingie mapema. Asubuhi simu zote za mji zilikuwa nacho. Umenunuliwa. Kibaraka. Mjukuu wa askari, mnategemea nini? Jioni mwingine akatoa kipande cha pili, mwanafunzi alipokuwa kwenye kiti akikusemea wewe, nawe unaitikia "hapo umenisemea", na wale waliokuwa wamekusifu mchana wakakuita mchochezi. Siku moja tu, mwanangu, ulinunuliwa asubuhi na ukawa mchochezi kabla ya Isha. Hapo chuo cha kaskazini, ulikoomba kazi, wakasimamisha ajira yako, wakakuita ukajieleze.

Nilikuwa na dawa tayari. Urekodi video fupi, uso wa huzuni, useme unaomba radhi kwa wote waliokwazika, mchezo ule haukufaa na hutaurudia. Nilikwambia video moja tu, mambo yatapoa, utapata kazi, na kazi ndiyo kila kitu. Ukipokea mshahara wa kwanza utasahau yote.

Nawe ukaniuliza kwa ile sauti yako ya chini, "Nikiomba radhi, Baba, naomba radhi kwa nini? Kwa kumsikiliza mtu?"

Nikakwambia hujui dunia. Nikakwambia hao uliowaamini watakuacha peke yako. Nikakwambia usimtegemee Daktari Nakato, mkuu wa idara yenu, yule ni wa upande ule. Niliyasema hayo kwa uhakika wa mtu aliyewahi kukosea na bado hajajifunza. Ukainuka, ukaenda kuosha vyombo. Vyombo vyote, pamoja na vile visafi.

Siku chache zile sikulala. Nilikuona umeshanyimwa kazi, jina lako limeshaandikwa kwenye orodha mbaya, kila chuo kinafunga mlango. Mama yako ananiambia lala, nami namwambia wewe humjui mtoto wako. "Namjua," akasema. "Wewe ndiye unayemchanganya na Sefu."

Na tazama ilivyokwenda. Wale wanafunzi wako wawili, huyo wa kutaka polisi na huyo wa kuwakataa, ambao nje ya darasa hawakai benchi moja, walikwenda pamoja kwa Daktari Nakato wakiwa na rekodi nzima kwenye simu. Akaitazama yote, mwanzo mpaka mwisho. Kisha yule mama wa upande ule akawapigia wenzake wa kaskazini mwenyewe, akawaambia kwamba hakubaliani na binti huyu juu ya mambo karibu yote, na kwamba wakimwacha watakuwa wajinga. Ulipofika kwenye kikao chao wakakuuliza jambo moja la maana: je, utaendelea na viti hivyo? Ungeweza kusema nitafikiria. Mimi ningesema nitafikiria. Wewe ukasema ndiyo.

Ulipotupigia kutwambia wamekupa kazi, mama yako alipiga vigelegele mpaka Mhindi wa duka la chini akapanda ngazi kuuliza nani anaolewa. Mimi nilikwenda bafuni, nikafungua bomba, nikalia. Nilikuwa nalia kwa furaha, na pia kwa sababu nilikuwa nimekosea vibaya mno na hakuna lililoharibika. Mara ngapi mtu hupewa bahati hiyo? Kukosea, na Mungu akaamua kutolitumia kosa lako?

Ndipo nikapata nguvu ya kumtafuta Opio. Hili hujui. Ijumaa baada ya swala nilipanda boda mpaka Kyambogo, nikauliza, nikaelekezwa shule moja ndogo. Ni mwalimu mkuu sasa, amenenepa, viatu ni vilevile. Nikamsalimu kwa Kiswahili, nikamwambia nimekuja kwa ajili ya jambo la zamani. Akanitazama, akakunja mikono mezani, akanijibu kwa Kiingereza kilichopigwa pasi kwamba ofisi yake inashukuru kwa maoni yangu. Nikabaki nimesimama kama mwizi. Halafu akacheka, akacheka mpaka akafuta macho. "Kaa, Mwalimu, kaa. Hiyo mimi nilitunza miaka yote!"

Tulikunywa chai. Akaniambia viti anavyo, watoto wakigombana juu ya mpira anawakalisha. Nilipomwomba msamaha akasogeza kikombe pembeni. "Mimi nimesamehe kitambo," akasema. "Lakini ule mwaka ilikuwa yangu, Mwalimu. Nililipia kwa jasho, nilitaka kusoma hiyo maneno. Hiyo hairudi." Akanisindikiza mpaka getini.

Kwa hiyo sikwambii uwe shujaa, mwanangu. Mashujaa wengi niliowajua walipenda sana kupigwa picha. Wala sikwambii hakuna hatari, kwa sababu ipo, na kuna siku utakayoamua kunyamaza, nami sitakulaumu. Nakuomba tu siku hiyo ujue kwamba umenyamaza. Usijiambie umebadilisha mpango wa masomo. Mtu anayejua ameufunga mdomo wake anaweza kuufungua kesho. Mimi nilisahau kabisa kama wangu ulikuwa umefungwa.

Na mwanafunzi akija na viatu vinavyong'aa, mwangalie usoni kwanza. Hata akiwa ametumwa kweli, si amekuja darasani? Mfundishe. Mkalishe kitini kama wengine. Mimi na mama yako, yeye na kanisa lake, mimi na msikiti wangu, tumebishana juu ya kila kitu chini ya jua, na siku ninayoikumbuka kwa uchungu si siku yoyote tuliyobishana. Ni siku aliyonisemesha kama mgeni.

Naona mwanga wa jikoni umewashwa. Kabla mama yako hajaniita nilikalie begi lifungike, niruhusu nikae kwanza mahali pengine. Nimefundisha viti vile muhula mmoja, nikawakalisha watoto wa watu mpaka wakatokwa jasho, lakini mwenyewe sikuwahi kukaa. Leo nakaa, kwa upande wako, upande nilioupigia kelele hapa sebuleni.

Mimi ni Zuhura. Baba ananitaka niombe radhi, na sababu zake nazijua. Ananipenda, na ameona watu wakipoteza kazi. Lakini darasani mwangu kuna vijana waliothubutu kusema maneno ya mtu wanayemwogopa, wakayasema kwa haki, mbele ya wenzao. Nikiomba radhi, nawaambia kwamba lile walilofanya ni kosa. Hawatakaa tena kwenye kiti chochote. Watarudi madirishani na mlangoni, watazeeka huko, na watoto wao watakaa huko. Kazi naitaka, naitaka sana, usiku naiota. Lakini nikiipata kwa video ile nitakuwa nimeingia chuoni nikiwa nimeshakiacha kitu nilichotaka kwenda kukifundisha. Na jambo jingine, ambalo siwezi kumwambia Baba kwa sababu litamuumiza: nimekulia nyumba moja na mtu aliyenyamaza. Nimeona jinsi asivyopenda kupita mbele ya mlango wa darasa lake la zamani. Sitaki kuwa na mlango wa namna hiyo.

Hapo ndipo nilipofika.

Kesho nitakuja stendi na kopo la odii mkononi. Usiniage kwanza. Niambie kama nimekusemea. Kama bado, nionyeshe palipopungua, nami nitakaa kwenye benchi la abiria nijaribu tena, hata dereva akipiga honi na mama yako akinivuta shati.

Baba yako Sefu,
ambaye bado hajaruhusiwa kusimama.